FAT32, exFAT Ama NTFS? Rada Yote Ya Kubakapu Kompyuta Yako Kabla Stima Ya Kisumu Ikuchezee

Wasee wa Kisumu Dala, hii mnaijua. Msee wa kamera amewaletea video ya matanga ya dani. Faili ni moja, GB 11. Flashi yako ni ya GB 32 na haina kitu ndani. Unakopi, kompyuta inakuambia faili ni kubwa sana. Unacheki nafasi, iko karibu GB 29. Unaenda town kununua flashi ingine ya GB 32, unarudi, inakuambia hivyo hivyo.

Flashi zote mbili ni poa. Kenye kinakusumbua ni formati.

Hii stori ya formati watu wengi huirukanga juu inakaa kitu ya mafundi. Lakini ndiyo inaamua kama projekti yako ya Maseno, biti zako za FL Studio ama picha za dani zitasomeka siku ile laptopu itakataa kuwaka. So wacha tuichambue pole pole. Tuanze na formati, halafu tuingie kwa bakapu yenyewe.

Formati ni nini?

Chukua duka la jumla pale Kibuye. Mzigo uko kwa shelfu, lakini mwenye duka ako na kitabu ameandika unga iko wapi, sukari iko wapi, na ni ngapi. Diski iko hivyo. Formati ni ile staili ya kuandika hicho kitabu. Kompyuta, tivii, wufa na simu zinajua kusoma staili tofauti. Ukichomeka flashi na kifaa hakijui staili yake, kitasema flashi iko empty, ama kitakuuliza kama ufomati. Usikubali haraka, tutafika hapo.

Kwa Windows, kucheki ni rahisi: bonyeza diski na kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, angalia penye imeandikwa File system. Utakuta moja ya hizi.

FAT32: Mzee wa mtaa

Hii ilikuja na Windows 95 mwaka wa 1996. Uzuri wake ni kwamba karibu kila kitu kinaisoma: wufa ya keja, redio ya nganya, tivii ya mathe, hadi ile deki ya zamani. Ndio maana duka la muvi likikuwekea series kwa flashi, FAT32 huleta shida kidogo sana.

Ubaya wake ni kwamba faili moja haiwezi fika GB 4. Series ya episodi 40 inaingia freshi juu kila episodi ni faili ndogo. Lakini video ya matanga ya GB 11 ni faili moja, so inagonga ukuta hata kama flashi ni tupu. Tumia FAT32 kwa ngoma na episodi. Kwa bakapu ya kompyuta, hapana.

exFAT: Mtu wa kila base

Microsoft waliitoa 2006 kusaidia flashi na memori kadi kubwa. Ile ngori ya GB 4 haiko hapa. Windows inasoma na kuandika, Mac pia, na Linux za siku hizi ziko sawa tangu 2019 venye Microsoft walifungua maelezo yake. Memori kadi za kamera za zaidi ya GB 32 huja na exFAT tayari. PS4 pia inaikubali kwa diski ya kuweka video na faili za kawaida, na hio hio PS4 inakataa NTFS.

Lakini shika hii vizuri: exFAT haina daftari la dharura. NTFS, kabla ibadilishe kile kitabu cha duka, huandika kwanza pembeni kenye inataka kufanya. Stima ikipotea katikati, ikirudi inasoma pale pembeni na kujipanga. exFAT haina hio kitu. Ukichomoa flashi ama stima ikihepa wakati inaandika, kitabu kinaweza baki nusu, na diski nzima ikakataa kufunguka. So exFAT ni ya kubeba vitu kutoka mashini hadi mashini, na usiwahi ichomoa bila kubonyeza Eject.

NTFS: Ya kukaa nyumbani

Ilikuja na Windows NT mwaka wa 1993 na mpaka leo ndiyo iko kwa diski ya Windows yako. Iko na hilo daftari la dharura, faili kubwa hazisumbui, na unaweza panga nani afungue nini. Kama kompyuta yako ni Windows na diski ya nje kazi yake ni bakapu peke yake, chagua NTFS usiangalie nyuma.

Shida ni ukitoka nje ya Windows. Mac itasoma NTFS lakini haitaandika. Tivii zingine mpya zinaisoma, zingine zinakataa. Simu nyingi za Android pia.

Ukiwa na Mac, diski ya bakapu wachia APFS, formati ya Apple ya tangu 2017, na programu ya Time Machine itakupangia. Ukiwa kwa Linux, ext4 ndiyo kitu yako.

Kwa ufupi, jiulize swali moja kabla ufomati: hii diski itasomwa na mashini gani? Ya wufa na tivii, FAT32. Ya kuzunguka kati ya Windows na Mac ya beshte wa studio, exFAT. Ya kukaa kwa droo ikilinda kompyuta ya Windows, NTFS.

Na ukishajua, toa kila kitu kwa diski kabla ufomati. Kufomati kunafuta. Kama unatoka FAT32 kwenda NTFS, Windows iko na amri inaitwa convert inayobadilisha bila kufuta faili, lakini hata hapo weka kopi pembeni kwanza. Na kama ulifomati kitu kimakosa kwa ile njia ya haraka, acha kuandika chochote kwa hio diski. Njia ya haraka inatupa kile kitabu tu, mzigo bado uko kwa shelfu mpaka ukalishe mwingine juu yake. Programu kama PhotoRec ama Recuva zinaweza kukutafutia mob ya hizo faili.

Sasa bakapu. Na tuanze na Woody

Ukiwa umetazama Toy Story 2, jua ile muvi ilikuwa iende. Mwaka wa 1998, pale Pixar Marekani, mtu aligonga amri ya kufuta kwa seva zenye muvi ilikuwa inatengenezwa. Wasee wakaona kofia ya Woody imepotea, halafu Woody mwenyewe, halafu wengine. Karibu asilimia 90 ya kazi ikaenda. Wakasema poa, tuko na bakapu. Kucheki, bakapu ilikuwa imeacha kufanya kazi vizuri kitambo na hakuna mtu alikuwa amejua.

Kenye kiliwaokoa ni mathe mmoja, Galyn Susman, bosi wa upande wa teknolojia ya hio muvi. Alikuwa amejifungua na alikuwa anafanyia kazi nyumbani, so kompyuta ya kwake ilikuwa na kopi ya muvi. Wakaenda kwake, wakaifunga na blanketi, wakaibeba kwa gari wakiendesha polepole kama wamebeba mayai. Muvi ikatoka 1999.

Ukiangalia vizuri, kopi iliyosaidia ilikuwa nyumba tofauti. Zile zilikuwa ofisini, iliyofutwa na bakapu mbovu, zote zilikwama.

Kisumu iko na njia zake za kukufuta

Stima ndiyo ya kwanza. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo, tena. Na hizo ni zile za taifa, za mtaa wako unazijua mwenyewe. Wengi wetu tuko na laptopu za ex-UK zenye betri ilikufa kitambo, so inakaa kwa chaja siku yote. Stima ikienda, inazima papo hapo. Kama ilikuwa inaandika kwa diski ya exFAT, umeona tumesema nini.

Ya pili ni radi. Hili ziwa letu ni moja ya sehemu zenye radi nyingi sana duniani, na ikipiga karibu inaweza pitia waya wa stima. Gadi ya friji inasaidia kiasi, lakini diski iliyochomekwa kwa laptopu iliyochomekwa kwa ukuta inaweza ungua pamoja nayo. Diski iliyo kwa droo haishtuki.

Ya tatu ni maji. Mei 2020 ziwa lilipanda mpaka likapita rekodi ya 1964, na 2024 likapanda tena. Ukikaa Dunga, Nyalenda ya chini ama Nyando, hujahitaji kuelezwa. Maji yakiingia keja, yanabeba laptopu na diski ya bakapu pamoja kama zinakaa meza moja.

Ya nne ni wezi. Mtu akivunja keja Manyatta anachukua begi lote, hakuulizi gani ni orijino na gani ni kopi.

Halafu kuna virusi zinazofunga faili zako na kuitisha doo. Mei 2017 WannaCry ilizunguka dunia nzima ikifanya hivyo. Hizi virusi zinafunga pia diski yoyote iliyochomekwa wakati huo.

Sheria ya 3-2-1, na ya mwisho iko ocha

Kuna sheria moja mpiga picha Mmarekani anaitwa Peter Krogh aliipa umaarufu. Weka kopi 3, kwa vifaa vya aina 2, na 1 ikae mbali na nyumba.

Wengi huishia hapo kwa 1, wakidhani lazima ulipie seva huko Ulaya. Omera, uko na ocha. Nunua diski mbili za nje badala ya moja kubwa. Moja iko keja Kisumu. Ingine iko kwa kabati ya mathe Bondo, Nyakach ama Homa Bay. Kila ukienda matanga ama Krismasi, unabeba ile freshi na unarudi na ile ya zamani uiapdeti. Ifunge kwa kontena ya plastiki yenye kifuniko, mbali na mabati yanayochoma mchana, na ubebe kwa begi ya mkononi badala ya kuitupa kwa buti ya matatu. Hadidiski za kuzunguka hazipendi kudundishwa.

Na juu inasafiri, ifunge na paswadi. Windows Pro iko na BitLocker, na VeraCrypt ni ya bure kwa kila mtu. Diski ikipotea steji, yenye aliiokota asisome kitambulisho na PIN yako ya KRA. Lakini andika hio paswadi mahali na uwaachie watu wako, juu ukiisahau hakuna fundi atakusaidia. Hata laptopu zingine za Windows 11 zinajifunga na BitLocker zenyewe, so ingia kwa akaunti yako ya Microsoft leo ukopi ile funguo ya kurudisha kabla fundi aitoe diski na mkwame wote wawili.

Ni kifaa gani ununue?

Hadidiski ya nje bado ndiyo inakupa nafasi kubwa kwa doo kidogo, na kwa bakapu spidi si lazima. SSD ni haraka na haiogopi kuanguka, lakini ikikaa miaka mingi bila kuchomekwa inaweza anza kusahau, so kama ni ya ocha, hakikisha inawashwa mara kwa mara. Flashi ni ya kubeba, si ya kuwekea picha za dani kwa miaka kumi.

Na chunga hizi flashi za TB 2 zinauzwa bei ya samaki mmoja. Nyingi ni GB chache zimefunzwa kudanganya. Zinakubali kila kitu unakopi, majina ya faili unayaona, lakini kufungua hazifunguki. Kabla uamini yoyote, ijaribu na H2testw kwa Windows ama F3 kwa Mac na Linux. Hizi programu zinajaza diski yote halafu zinasoma tena kuona kama kitu kimebaki. Kwa hadidiski ya mkono wa pili, CrystalDiskInfo itakuonyesha imefanya kazi masaa mangapi na kama imeanza kuoza.

Njia za kufanya bakapu yenyewe

Kopi na pesti inafanya kazi, shida ni wewe. Utafanya wiki mbili halafu usahau. Afadhali uachie mashini.

Windows iko na File History. Chomeka diski ya NTFS, iwashe kwa Control Panel, na itakuwa inachukua kopi ya Documents, Desktop na Pictures kila saa ikiwa diski iko, huku ikiweka matoleo ya zamani. Hapo ndio utamu uko: ukiharibu chapta ya 4 ya projekti leo, unarudisha ile ya juzi. Mac iko na Time Machine inafanya kazi hio hio. Ipee diski mara mbili ya saizi ya kompyuta yako. Ukimaliza, bonyeza Eject, chomoa, rudisha kwa droo.

Kuna njia ya kuchukua picha ya diski nzima, na Windows na programu zote ndani. Clonezilla ni ya bure na inafanya hivyo. Ni poa kama hutaki kuanza upya kuweka programu za biti na vifunguo vyake, lakini inameza nafasi. Mara moja kila miezi michache inatosha.

Halafu kuna klaudi, yaani kuweka vitu zako kwa seva za watu mtandaoni. Google inakupa GB 15 za bure, lakini Gmail, Drive na Photos zinagawana hizo hizo. Piga hesabu: GB 200 za video kwa intaneti ya kupandisha Mbps 5 ni kama masaa 89, karibu siku nne bila kupumzika na bila stima kupotea. So klaudi iachie vitu vidogo vya maana: projekti, vyeti, faili za mradi wa muziki. Video ya matanga iende kwa diski.

Na usiweke kila kitu huko. 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na Kenya nzima ikaanza kukokota. Tangu Desemba 2023 Google inaweza futa akaunti haijaguswa miaka miwili. Na MySpace, yenye wasanii waliamini kitambo, 2019 walikubali wamepoteza ngoma zilizowekwa miaka kama kumi na mbili, zaidi ya milioni 50 kulingana na ripoti za wakati huo.

Vitu vinajifanya bakapu

WhatsApp inapunguza ubora wa picha unatuma. Ile picha uko nayo kwa grupu la familia si ile ilitoka kwa kamera.

Folda inayojisinki pia inakuchezea. Ukifuta faili kwa laptopu, inafutika kwa klaudi na kwa simu pia. Ikiwa inafuata kila kitu unafanya, itafuata hadi makosa. Drive iko na tupio la siku 30, ukichelewa hapo, imeenda.

Na kuhamisha muvi zako zote kwa hadidiski halafu kufuta kwa laptopu, hio ni kopi moja imehama nyumba.

Mbona hii ni maana hapa kwetu

Angalia benga. Ngoma za miaka ya 60 na 70 zilirekodiwa kwa tepu, na tepu orijino ni moja. Lakini santuri zilichapishwa mob, zikauzwa kila mahali. Zile za Oluoch Kanindo zilifika hadi Zimbabwe, na huko benga wakaiita kanindo. D.O. Misiani alifariki Mei 2006 kwa ajali ya barabarani hapa Kisumu, na bado unamsikia kila wikendi. Santuri zilitawanyika kwa nyumba za watu wengi, na wakati Ketebul Music walitoa kazi yao kuhusu historia ya benga 2008, hizo ngoma bado zilikuwa zinapatikana.

Biti zako bado hazijafika Zimbabwe. Ziko kwa laptopu moja, keja moja, soketi moja.

So wikendi hii fanya hivi. Cheki formati ya diski yako. Kama kazi yake ni bakapu na uko Windows, ifanye NTFS. Washa File History. Tupa projekti na vyeti kwa klaudi. Panga diski ya pili ya ocha.

Halafu usirudie makosa ya Pixar. Mara moja kwa mwezi chukua faili moja kutoka kwa bakapu, irudishe kwa kompyuta ingine, hata ya sayba, uifungue. Cheza ile video ya matanga mpaka dakika ya mwisho. Ikifunguka, uko na bakapu. Ikikataa, afadhali umejua leo, wakati ile ya kwanza bado iko.